Kibao cha Mfalme Lugandu

Hapo kale, kale ya kutosha kisheria, palikuwa na nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Nimeshastaafu, na mtu wa umri wangu akikamatwa anawasumbua zaidi wakamataji, maana itabidi wamshike mkono kumpandisha garini na wamtafutie mto wa kukalia. Siitaji kwa adabu tu. Na msomaji akiona inafanana na nchi yake, aikasirikie nchi yake kwa kufanana, asinikasirikie mimi.

Nchi hiyo ilikuwa na Sheria ya Kuilinda Leo. Ilikataza mtu kuandika jambo lolote baya lililotokea leo, jana, mwaka jana, au wakati wowote ambao waziri, au baba wa waziri, alikuwa hai. Kusudi lilikuwa jema. Leo ilikuwa bado changa, serikali ilikuwa inailea, na hakuna mzazi anayependa mwanawe asemwe barazani. Zamani, lakini, ilikuwa huru. Uliruhusiwa kuandika utakalo kuhusu waliokufa, kwa sababu waliokufa hawafungui kesi, ingawa kura walikuwa wanapiga.

Basi kila mwenye shida akageuka mwanahistoria. Muuguzi ambaye hospitali yake haikuwa na dawa alitunga riwaya ya mganga wa enzi za mababu, aliyetumwa porini kuchuma dawa kwa kikapu kisicho na kitako. Dereva wa lori la takataka aliandika juu ya msafara wa wapagazi uliozuiwa njiani na askari wa mfalme, ukazuiwa mpaka wapagazi wakaoa palepale kwenye kizuizi na kupata wajukuu. Wavuta mikokoteni, wachanganya zege, wauza uji, kila mmoja alikuwa na mfalme wake. Madukani wafalme walikuwa wengi kuliko sabuni. Watu walinunua, wakasoma, wakaguna, "Lo! Watu wa zamani waliteseka!" Kisha wakatazamana, wakabadilisha mazungumzo.

Mimi nilikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha serikali cha kubangua korosho. Boila yenyewe ilikuwa kubwa kiasi kwamba spana iliyoniponyoka ikadondokea ndani niliikuta mwaka uliofuata, imenenepa. Lakini haya si ya boila.

*

Katika ukumbi wa kubangulia, wanawake waliketi kwenye mabenchi marefu, kila mmoja na kigongo chake cha kupasulia, mikono wameipaka majivu ili utomvu wa maganda usiwachome. Uliwachoma vilevile. Ukutani palikuwa na amri moja, kwa herufi nyekundu: ASIYESEMA ANAKULA.

Amri hiyo ilitungwa na nyapara wa ukumbi, Bwana Shekuwe. Alikuwa na kazi ya kuhakikisha hakuna mwanamke anayetafuna korosho za taifa, na kwa kuwa hakuweza kuitazama midomo yote, aliamua kuisikiliza. Mdomo unaosema hautafuni. Kwa hiyo tangu king'ora cha asubuhi hadi cha jioni, kusema ilikuwa lazima. Ukinyamaza tu, huyo kakufikia: "Fungua kinywa! Panua! Ulimi juu!" Anachungulia humo kama mtu aliyepoteza funguo.

Wakasema, maskini. Walimaliza habari za waume, wakamaliza za majirani, wakamaliza hata za mawifi, ambazo mimi nilidhani haziishi. Wakabaki na midomo iliyotakiwa kuwa kazini na hawana la kuipa. Ndipo wakaanza kutunga. Wasomi wana maelezo yao, lakini mimi nilikuwepo, na ninavyoona fasihi ya nchi ile ilizaliwa kwa sababu serikali ilizionea wivu korosho zake.

Bingwa wao alikuwa Sikudhani, mwanamke mpana mwenye sauti ya kukwaruza. Akianza hadithi, benchi zima lilipiga vigongo polepole lisipitwe na neno. Jirani yake wa kulia alikuwa Chausiku, mwembamba, mimba imemchomoza mbele kama kitu alichoazimwa. Na Chausiku ndiye aliyekuwa na shida.

Shida ilikuwa kibao. Ukumbi mzima ulikuwa na kibao kimoja cha ruhusa, ubao wa mninga, mpana kama mlango wa kabati, wenye kamba ya katani ya kuvaa shingoni na maandishi NIMERUHUSIWA. Bila kibao hicho hakuna kwenda chooni. Mkurugenzi mmoja alipelekwa ng'ambo kusomea tija, akarudi na koti na wazo hilo. Akienda mmoja, wengine wanangoja kirudi. Sasa mwenye mimba hangoji kama wengine. Chausiku alikuwa anajibana mpaka anatetemeka, na hospitali walishamwambia figo zimeanza kulalamika. Siku alipolichafua benchi, Shekuwe alimwambia, bila ukali wowote, kwamba likitokea tena asirudi kazini. Na nyumbani kwao kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inachemsha sufuria, nyingine haikuwepo.

"Dada Siku," akasema asubuhi moja, ameuma meno, "kibao kiko wapi?"

"Kiko kwa Mwanaidi wa benchi la dirishani. Na Mwanaidi leo tumbo linamwendesha. Hesabu kimehama nchi."

"Nitakufa mimi."

"Usife, mwenzangu. Shekuwe atasema umetoka bila kibao."

Benchi likaangua kicheko. Chausiku naye akacheka, jambo ambalo kwa hali yake halikuwa la busara.

"Kina mama!" Shekuwe alifoka kutoka mlangoni. "Kucheka si kusema! Semeni!"

Sikudhani akashusha pumzi, akapasua korosho. "Haya. Hapo kale alikuwepo mfalme akiitwa Lugandu, mwenye majaruba ya chumvi."

"Alikuwa mbaya?" akauliza Chausiku.

"Hakuwa mbaya. Alikuwa mbali tu. Na mnene."

"Na watu wake wa chumvini, haja walikwendaje?"

"Kwa kibao, mama. Watakwendaje tena?"

Kosa lenyewe lilikuwa hapo, na hakuna aliyelishtukia. Majaruba ya chumvi yako ufukweni. Ufukwe mzima ule, mikoko kila upande, kibao cha nini? Lakini wanawake wale walikuwa wamekivaa miaka mingi, wakaona mwanadamu aliumbwa nacho. Mimi nilikuwa nasikiliza kupitia bomba la mvuke, nami sikushtuka. Nilisema moyoni, kumbe hata wao.

Hadithi ilikwenda hivyo, kila benchi likiongeza chake, na Jumapili Sikudhani aliiandika. Mwishowe mchimba chumvi mwenye mimba anakufa akiwa kwenye foleni, mkono ameunyoosha kupokea kibao. Akaichapisha kwa mtu wa kadi za harusi, ndiyo maana jalada lilikuwa na njiwa wawili wameshika pete. Iliuzwa sokoni katikati ya mafungu ya nyanya. Kila aliyeisoma alilia, na kila aliyelia alijua analilia nini.

*

Kitabu kikafika kwenye Wizara ya Mambo Yaliyopita, mbele ya Kamati ya Kufanana. Kazi ya kamati ilikuwa kusoma historia na kuhakikisha haifanani na mtu.

"Huyu Lugandu," akauliza mwenyekiti, "mnene, anasinzia barazani, hajui bei ya chumvi yake mwenyewe. Kuna mjumbe anayemwona anafanana na mtu anayemfahamu?"

Wajumbe wote wakatazama dari. Ukutani ilining'inia picha ya Mkuu wa Nchi, nao hawakutaka macho yao yapite pale kwa bahati mbaya.

"Mimi simfahamu mtu mnene yeyote," akasema mmoja.

"Unene wenyewe mimi nausikia tu," akasema mwingine, akifungua kifungo cha suruali apate kupumua.

Kitabu kikapita. Lakini mtaalamu wa kamati, Profesa Kisamvu, akasimama, kidole juu ya ukurasa. "Waheshimiwa! Kibao! Mninga, kamba ya katani, mpana kama mlango wa kabati! Nimekwenda kiwandani kwa miguu yangu, kibao kilekile kipo, kinatumika! Mnaona maana yake? Mila hii haijakatika tangu enzi za Lugandu!"

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Ligunduma, akatoa leso. Kwa muda mrefu alikuwa anaaibika kwenye mikutano ya nje. Jirani huyu ana magofu, yule ana mafuvu, mwingine ana mlima. Sisi tulikuwa na mashimo ya barabarani, ambayo mengine yalikuwa ya kale kwelikweli, ila wataalamu wa kigeni waligoma kuyathibitisha.

"Hatimaye," akasema, akijipangusa macho, "na sisi tulikuwepo."

*

Walikuja kiwandani na tarumbeta. Sikudhani akavishwa shada la maua ya plastiki, akaambiwa asimame pembeni asizibe kamera. Mheshimiwa Ligunduma akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Taifa lisilo na kibao ni taifa lisilo na shingo! Wapo wanaosema serikali haijafanya kitu ukumbini humu. Nawajibu: ni kweli! Tumeuacha kama mababu walivyouacha! Kutofanya kitu si jambo dogo, ndugu zangu, kunahitaji bajeti!"

Akafungua pazia. Kibao kilikuwa kimeshaingizwa ndani ya sanduku la kioo, kimefungwa kwa kufuli, kando ya mlango. Kuanzia leo, akatangaza, ni Urithi wa Taifa, na ni marufuku kuguswa na mkono wa mtu.

Shekuwe, mtu wa sheria, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, na ile kanuni ya kutotoka bila kibao?"

"Kanuni nayo ni urithi. Ibaki palepale."

Wanawake wakapiga makofi, maana kulikuwa na askari wa kutazama nani hapigi. Kisha wakaanza kuelewa, benchi hadi benchi, na makofi yakafifia kama mvua inayohama mtaa. Wa mwisho kuacha alikuwa Chausiku. Alikuwa anapiga huku amekodolea kile kioo, hajui kwamba wenzake wamenyamaza.

Baada ya hapo walijifunza kutokunywa maji. Walikuja kazini midomo imepauka na hadithi zao zikawa fupi, za maneno makavu makavu. Chausiku alivimba miguu na uso. Siku moja alianguka kifudifudi juu ya rundo la korosho, na Shekuwe jambo la kwanza alilofanya ni kumchungulia kinywani.

*

Sikudhani akaenda wizarani. Alikaa kwenye kiti cha kungojea mpaka kiti kikamzoea. Alipoingizwa, hakuzunguka.

"Mheshimiwa, kile kibao cha Lugandu nilikitunga mimi. Na Lugandu mwenyewe nilimtunga. Nilikuwa nabangua."

"Hapana, mama," akasema Waziri kwa upole.

"Nakuapia."

"Tumeshapata kaburi lake."

"Kaburi la nani?"

"La Lugandu. Profesa Kisamvu amelipata. Lina upana unaostahili."

"Baba yangu, mimi ndiye niliyeandika kitabu!"

"Ndiyo, uliandika tu. Sisi ndio tuliosoma." Akamsogezea sahani ya biskuti. "Mwandishi anajua nini? Mwandishi ni bomba, mama. Maji ni ya taifa."

"Kuna binti pale atakufa, Mheshimiwa. Mimba ile atakufa nayo."

"Kitabuni? Nakumbuka. Inasikitisha sana, nililia pale." Akachukua biskuti moja mwenyewe. "Lakini umekuja wakati mzuri. Mabalozi wanataka kuuona urithi wetu, na hatuna maadhimisho. Hebu tuandikie sehemu ya pili. Lugandu alikiadhimishaje kibao? Iwe historia tupu. Usitunge."

Akarudi amechoka kuliko alivyokwenda. Kesho yake akaliweka suala mbele ya benchi.

"Tuandike ngoma," akasema mmoja.

"Tutacheza sisi," akajibu Sikudhani.

"Karamu, basi."

"Tutapika sisi. Na vyombo tutaosha sisi."

Kila walilowaza, mzigo uliwaangukia wao. Wakaishiwa. Chausiku alikuwa amelaza shavu kwenye benchi, jicho moja limefumba.

"Wakae," akasema.

"Wakae nini, mama?"

"Wakae tu. Kama sisi. Kutwa."

Vigongo vikasimama.

"Semeni huko!" akafoka Shekuwe.

"Tunasema, baba," akajibu Sikudhani taratibu. "Tunasema historia."

Sehemu ya pili ikasimulia kwamba kila mwaka Mfalme Lugandu aliwatuma mawaziri wake wote wakaketi na wachimba chumvi, tangu king'ora hadi king'ora, wakikielekea kibao, wakinywa madafu kuwakumbuka waliotangulia, na asiinuke mtu, kwa kuwa kumpa kibao mgongo ni kuwatukana wahenga. Kwamba enzi hizo hapakuwa na king'ora, hilo nalo hakuna aliyelishtukia. Profesa Kisamvu alithibitisha yote siku hiyohiyo. Pembeni ya kaburi alikuwa ameokota kifuu cha nazi.

*

Siku ya maadhimisho mawaziri waliketi kwenye mabenchi katikati ya wanawake, suti zimepakwa majivu kwa ajili ya picha. Mabalozi waliwekewa viti pembeni. Madafu yakaletwa kwa mkokoteni. Ile amri ya ukutani haikuwasumbua mawaziri hata kidogo. Sijaona watu waliozaliwa kwa ajili ya amri ile kama wao. Mheshimiwa Ligunduma alishika kipaza sauti tangu asubuhi. Alieleza mafanikio, akaeleza mikakati ya kuyafikia mafanikio hayo, akanywa dafu, akaeleza changamoto, akanywa jingine.

Jua lilipopanda, sentensi zake zikaanza kupungua urefu. Akapandisha mguu huu juu ya ule. Akabadilisha.

"Ndugu... wananchi," akasema. "Tumepiga... hatua." Akanyamaza, jasho linamtiririka kwenye masikio. Akasimama.

Shekuwe alikuwa mlangoni. Katika maisha yake alikuwa na sifa moja: hakujua kupendelea, hakuna aliyemfundisha.

"Mheshimiwa, kibao."

"Nipishe, bwana."

"Kibao, Mheshimiwa. Ni urithi."

"Mimi ndiye niliyeutangaza huo urithi!"

"Ndiyo, Mheshimiwa, na nilikupigia makofi. Kibao."

Waziri akatazama mlango. Akatazama sanduku. Kisha akakipiga kioo kwa kile kipaza sauti alichokishika, na kwa kuwa kilikuwa kimewashwa, mji mzima ulisikia urithi ukivunjika. Wapo waliodhani ni mapinduzi, wakafunga maduka. Akajivika kibao, kamba huku, tai kule, NIMERUHUSIWA kifuani, akatoka mbio.

Ukumbi ukawa kimya kabisa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyechunguliwa kinywa. Katika kimya hicho Chausiku akainuka, mkono mmoja tumboni, mwingine ukutani.

"Na wewe wapi?" akauliza Shekuwe.

"Nafuata kibao, kaka. Si kile kinakwenda?"

Shekuwe akafikiri, ukauona uso wake unavyoumia. Kanuni ilikataza mtu kwenda bila kibao. Kibao kilikuwa kimekwenda. Kanuni haikusema kiwe umbali gani. Akapisha.

Akatoka Sikudhani. Likatoka benchi, likatoka la dirishani. Mawaziri nao wakajipenyeza, wakisukumana kwa viwiko. Mabalozi wakaona hii ndiyo sehemu ya ibada, wakajiunga nyuma kwa heshima, kofia mkononi, wanapiga picha. Foleni ikazunguka boila yangu mara mbili. Choo kilikuwa kimoja.

Chausiku ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni. Akagonga.

"Hodi, Mheshimiwa."

"Kuna mtu!"

"Tunajua, baba. Harakisha kidogo. Huku nje tuko wawili."

Mheshimiwa alipotoka, hakuna aliyempisha Waziri wa Fedha, ingawa alikuwa anaruka kwa mguu mmoja. Chausiku aliingia. Alipomaliza akaja akaketi kwenye ngazi za boila, akalia kimyakimya, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni na shingo bado haijaamini.

*

Serikali ikakaa kikao. Haikuweza kusema kwamba Waziri alibanwa. Haikuweza kuufuta urithi, picha zilishafika magazeti ya nje zikiitwa hija. Basi ikatangaza kwamba hija hiyo ndiyo kilele chenyewe cha maadhimisho, kwamba kibao kipigiliwe misumari kwenye mlango wa choo, mahali kilipoheshimiwa, na kwamba kila raia ana haki ya kuzuru urithi wa taifa lake saa yoyote ya kazi.

Tangu siku hiyo mwanamke huinuka tu, akasema, "Nakwenda kuzuru," na Shekuwe humpigia saluti. Chausiku alijifungua salama, mtoto wa kike. Wizara ilipendekeza aitwe Lugandu. Mama yake akamwita Tulizo.

Nikaona hadithi imekwisha, nikastaafu.

Juzi, yaani juzi ya kale ile, nilipita kiwandani kuisalimu boila. Nikachungulia ukumbini. Mabenchi hayakuwepo. Kumbe amekuja mkurugenzi mpya, amerudi ng'ambo na koti, na ukutani chini ya ile amri imeongezwa nyingine: ALIYEKETI ANASINZIA. Wanawake walikuwa wanabangua wamesimama. Sikudhani amevua kiatu kimoja, mguu ameupumzisha juu ya mwenzake. Hawakuonekana kukasirika. Walikuwa kama watu walioziba paa jana, wakaona leo linavuja upande wa pili.

"Kina mama, semeni!"

Sikudhani akavuta pumzi ndefu, ikatoka yote.

"Haya jamani. Huyu Lugandu aliacha mtoto?"

Wakabangua kidogo. Chausiku, mtoto amelala mgongoni, akapasua korosho, akaitazama, akaitupia kapuni.

"Aliacha," akasema. "Na tangu azaliwe mpaka anazikwa, hakuna aliyewahi kumwona ameketi."

"Na mawaziri wake?"

"Hao ndio kabisa."